Kuonana na Ndugu Mashambani Italia: Mwongozo Kamili wa Safari ya Gari Kutoka Roma Hadi Siena

Pwani ya Kenya, hasa Malindi na Watamu, ina familia nyingi zenye ndugu Italia. Waitaliano walizoeleka upande ule tangu miaka ya 1960, walipoweka kituo cha kurushia setilaiti cha San Marco baharini karibu na Ngomeni, na baada yao wakaja watalii, wenye hoteli na hatimaye wachumba. Si ajabu leo kumkuta bibi wa Malindi ambaye wajukuu wake wanakulia katika kijiji cha Toscana, au kijana wa Dar es Salaam ambaye dada yake ameolewa kwenye shamba la mizeituni kusini mwa Siena. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao: wale walioalikwa kwenda kuonana na ndugu au wakwe, na ambao wenyeji wao hawakai Roma wala Milano bali mashambani, mahali ambapo treni haifiki na basi hupita mara chache kwa siku.

Njia ninayoipendekeza ni Via Cassia, barabara ya kale ya Warumi ambayo leo huandikwa SS2 au SR2 kwenye vibao kutegemea sehemu uliyopo, inayotoka Roma kwenda kaskazini kupitia Viterbo, ziwa Bolsena na bonde la Orcia hadi Siena, umbali wa karibu kilomita 230. Barabara kuu ya kulipia, A1, itakufikisha upesi zaidi, lakini sehemu kubwa ya utakachokiona ni malori na vyuma vya kingo. Cassia, kwa mtu asiyesimama njiani, ni mwendo wa saa nne na kitu. Hata hivyo nashauri uitengee siku mbili na ulale usiku mmoja katikati, na sababu yangu kubwa si mandhari: utakuwa umepumzika baada ya ndege kabla ya kukaa mbele ya wazee, na utafika kwa wenyeji mchana badala ya kuwagongea lango usiku.

Karatasi kwanza

Mkenya au Mtanzania anahitaji viza ya Schengen, yaani ya nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, ya muda mfupi, inayoruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Ombi linaweza kupelekwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na lisipelekwe chini ya siku 15 kabla yake. Ada kwa mtu mzima ni euro 90, na kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11 ni nusu yake. Bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000 na igharamie matibabu na kurudishwa nyumbani. Siku 15 za kushughulikia ombi ndizo za kawaida, ila zinaweza kufika 45, na katika miezi ya Mei na Juni kupata tu nafasi ya kuwasilisha karatasi huchukua muda, kwa hiyo anza mapema kuliko unavyodhani inatosha.

Kwa anayekwenda kwa ndugu, karatasi inayobeba uzito ni barua ya mwaliko, “lettera d'invito”, ambayo mwenyeji huijaza na kuitia saini, akiambatanisha nakala ya kitambulisho chake au kibali chake cha kuishi. Barua hiyo ieleze uhusiano wenu kwa usahihi, na wewe uuthibitishe kwa vyeti: cheti cha kuzaliwa cha kwako na cha dada yako vinavyoonyesha wazazi wale wale, pamoja na cheti chake cha ndoa, vina nguvu kuliko kurasa tatu za maelezo. Ikiwa wewe ni mke, mume, mtoto wa chini ya miaka 21 au mzazi anayetegemezwa na raia wa Italia au na mwenzi wake, sema hivyo tangu mwanzo, maana kundi hilo lina utaratibu wake na viza yake haitozwi ada. Kaka, dada na binamu hawamo katika kundi hilo.

Kuna jukumu moja ambalo wenyeji wengi hulisahau. Sheria ya Italia inamtaka kila anayempokea nyumbani mgeni kutoka nje ya Umoja wa Ulaya, hata kama ni ndugu wa damu, kutoa taarifa ya maandishi kwa polisi wa eneo lake, au kwa meya pale ambapo hakuna kituo cha polisi, ndani ya saa 48. Mkumbushe shemeji yako kwa upole kabla hujaondoka. Na ikiwa ndege yako inapitia kwanza nchi nyingine ya Schengen, kwa mfano Ujerumani au Ufaransa, pasipoti itakaguliwa huko, na wewe mwenyewe utatakiwa kutoa taarifa ya kuwepo kwako Italia ndani ya siku 8. Hoteli ikikuandikisha, hilo huwa limekwisha. Tangu Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza pia kuchukua alama za vidole na picha za wageni, basi usipange kuunganisha ndege kwa dakika za kuhesabu.

Leseni ya nyumbani peke yake haitoshi kuendesha gari Italia. Unahitaji kuwa nayo pamoja na kibali cha kimataifa cha udereva, ambacho Kenya hutolewa na chama cha magari cha AA. Kibali hicho ni tafsiri tu ya leseni, hivyo ukiacha leseni yenyewe nyumbani umekwenda bila leseni.

Msimu na masaa ya mchana

Aprili na Mei mashamba ya ngano huwa ya kijani na mipopi myekundu hujitokeza kando ya barabara. Juni ngano inageuka dhahabu na kuvunwa. Septemba na mwanzo wa Oktoba ni mavuno ya zabibu, na mwisho wa Oktoba hadi Novemba ni ya zeituni. Julai na Agosti sikupendekezei, kwa sababu ya joto na kwa sababu vilima vya udongo wa mfinyanzi vya kusini mwa Siena hukauka vikawa na rangi ya vumbi, na karibu na tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Ferragosto, nchi nzima iko likizo na bei za vyumba zimepanda. Hata hivyo, ukiwa na ndugu wanaolima, waulize wao kwanza: mgeni anayefika katikati ya mavuno ama atapewa kikapu, ama atakaa peke yake jikoni.

Sisi tuliozoea jua kuchwa saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima tunapaswa kukumbuka kwamba kule Juni jua huchwa karibu saa tatu usiku, na Desemba kabla ya saa kumi na moja jioni. Barabara za mashambani hazina taa, na nguruwe mwitu na paa huvuka gizani.

Zawadi zinazopita na zisizopita

Hapa ndipo mizigo mingi hufunguliwa uwanjani. Nyama ya aina yoyote na vitu vya maziwa, pamoja na samli na siagi, haviruhusiwi kuingia Umoja wa Ulaya katika mzigo wa abiria anayetoka Afrika Mashariki. Matunda na mboga nyingi huhitaji cheti cha afya ya mimea, na embe la Malindi, hata liwe moja, limo katika zinazozuiwa. Yanayopita bila cheti ni matano tu: nanasi, ndizi, nazi, tende na duriani. Kwa mkwe wa Kiitaliano nashauri majani ya chai, kahawa iliyokaangwa, karafuu na iliki zilizokauka, korosho zilizobanguliwa, leso au kikoi. Ukinunua maua njiani, epuka krisanthemamu, kwani Waitaliano huyapeleka makaburini, hasa mwanzoni mwa Novemba.

Kukodi gari

Weka nafasi ya gari kabla hujaondoka, na soma masharti ya kadi kwa makini kuliko masharti ya gari lenyewe. Kampuni nyingi zinataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva, na kadi ya kawaida ya benki hukataliwa kaunta hata kama ina fedha za kutosha, au hukubaliwa tu ukinunua bima yao kamili. Kiasi kinachozuiwa kwenye kadi kama dhamana kinaweza kuwa kikubwa, na hicho ndicho utakachobeba mwenyewe gari likiharibika; kwenye mkataba kinaitwa “franchigia”. Magari mengi ni ya gia za mkono, hivyo anayetaka gia za kujiendesha aagize mapema na awe tayari kulipa zaidi. Dereva wa chini ya miaka 25 huongezewa ada.

Chukua gari dogo. Vijiji vya njia hii vilijengwa kwa ajili ya punda, na ukiwa ndani ya gari pana katikati ya kuta mbili za mawe, huku mzee mwenye Fiat Panda akikusubiri kwa heshima upande wa pili, utatamani ungechagua dogo zaidi. Kabla ya kuondoka piga picha za rimu, kioo cha mbele, chini ya bampa na kipimo cha mafuta, na uangalie buti: lazima kuwe na pembetatu ya tahadhari na fulana ya kuakisi mwanga. Fulana hiyo ivaliwe kabla ya kushuka gari likiharibika nje ya mji. Kati ya tarehe 15 Novemba na 15 Aprili barabara nyingi zinadai matairi ya majira ya baridi au minyororo ndani ya gari. Mtoto aliye chini ya sentimita 150 lazima akae kwenye kiti chake maalumu, nacho kinaagizwa pamoja na gari.

Kuendesha mkono wa kulia

Kosa halitokei kwenye barabara yenye magari mengi, kwa sababu pale unamfuata aliye mbele yako. Linatokea unapotoka peke yako asubuhi kwenye kituo cha mafuta au uani kwa mtu, barabara iko tupu, mkono wa mazoea unakupeleka kushoto. Mpe anayekaa kando yako kazi moja ya kudumu, ya kusema “kulia” kila mnapotoka mahali mliposimama. Kwenye mzunguko, ule ambao Tanzania huitwa kipilefti, unazunguka kinyume cha mwendo wa saa na unawapisha waliomo tayari, wanaokuja kutoka kushoto kwako. Kwenye njia panda isiyo na kibao chochote, mwenye haki ni anayetoka kulia kwako, hata kama barabara yake ni nyembamba kuliko yako.

Mwendo wa juu ni kilomita 50 kwa saa mjini, 90 kwenye barabara za kawaida za nje ya mji, 110 kwenye barabara pana zenye njia mbili kila upande na 130 kwenye barabara kuu za kulipia; mvua ikinyesha, 110 hushuka hadi 90, na 130 hadi 110. Kamera za mwendo, ambazo wenyeji huziita “autovelox” na sisi tungeziita tochi, hutangazwa kwa vibao kabla hujazifikia, na nyingi zimewekwa pale hasa ambapo Cassia inaingia kijijini na mwendo unashuka ghafla. Taa za mbele ziwake muda wote nje ya mji, hata jua likiwa kali. Kushika simu ukiendesha ni faini inayoanzia euro 250, na kiwango cha kilevi kisizidi gramu 0.5 kwa lita moja ya damu, ambacho ni kidogo kuliko wanavyodhani wanaomiminiwa mvinyo na wakwe mchana.

Rangi za vibao zitakusaidia kuliko simu: kijani ni barabara ya kulipia, bluu ni barabara ya kawaida, nyeupe ni sehemu za mjini, na kahawia ni vivutio. Ukitaka kubaki kwenye Cassia, ifuate bluu na ukatae kila kijani unachokiona.

Siku ya kwanza: kutoka Fiumicino hadi ziwani

Ukishuka asubuhi baada ya ndege ya usiku, usichukue gari siku hiyo. Lala karibu na uwanja au Roma, ulichukue kesho yake, na uondoke baada ya saa tatu asubuhi wakati waendao kazini wamekwisha kupita. Kutoka uwanjani unafuata barabara ya kuelekea Roma hadi kwenye duara kubwa linaloizunguka jiji, GRA, ambalo halilipiwi. Unashika upande wa kaskazini na kutoka kwenye kibao cha Cassia bis, barabara pana inayokuvusha vitongoji na kukuingiza katika Cassia yenyewe kabla ya Monterosi. Usiingie kati ya jiji la Roma kwa gari kwa sababu yoyote ile.

Kituo cha kwanza kinachostahili kusimama ni Sutri, ambako uwanja wa michezo wa kale umechongwa wote ndani ya mwamba laini wa volkano, na makaburi ya miamba yamepangana kando ya barabara kiasi kwamba unaweza kuyaona ukiwa bado kwenye gari. Viterbo ni mji mkubwa zaidi. Egesha nje ya ukuta na utembee hadi kwenye jumba la mapapa. Ni hapo makardinali walikaa kuanzia 1268 hadi 1271 bila kukubaliana juu ya papa mpya, wakafungiwa ndani, wakapunguziwa chakula na paa likaondolewa juu ya vichwa vyao, na kutokana na kadhia hiyo ukatokea utaratibu wa kuwafungia makardinali unaotumika hadi leo.

Baada ya Viterbo barabara inapanda hadi Montefiascone, na ghafla ziwa Bolsena lote linakuwa chini yako. Ni ziwa la volkano lililo kubwa kuliko yote ya aina hiyo Ulaya, na mji wa Bolsena ulio ufukweni mwake ndipo ninaposhauri ulale. Wasomaji Wakatoliki watalijua jina hilo: muujiza unaosimuliwa kuwa ulitokea Bolsena mwaka 1263 unahusishwa na Papa Urbano IV kuieneza sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo mwaka uliofuata, na kanisa kuu la Orvieto, lililoanza kujengwa 1290 umbali wa mwendo mfupi kutoka hapo, linatunza kitambaa cha muujiza huo. Mwenye nafasi ya saa mbili zaidi aende Civita di Bagnoregio, kijiji kilichobaki juu ya mwamba unaomomonyoka, kinachofikiwa kwa daraja la watembea kwa miguu tu na kwa kiingilio. Asiye na nafasi asijilazimishe, kwa sababu ziwa wakati wa machweo halihitaji tiketi.

Malazi mazuri ya njia hii ni “agriturismo”, yaani nyumba za shambani ambazo wakulima hupangisha vyumba na kupika wanachokizalisha. Chakula cha jioni kiagizwe asubuhi. Mwenye nyumba atachukua pasipoti yako kukuandikisha, na miji mingi hutoza kodi ndogo ya kila mtu kwa kila usiku, inayolipwa papo hapo juu ya bei ya chumba.

Mafuta na duka

Petroli ni “benzina”, dizeli ni “gasolio”, na kifuniko cha tangi kitakuambia gari lako linatumia ipi. Pampu zenye maandishi “servito” zina mhudumu na bei yake iko juu. Zenye “self” unajihudumia. Mchana vituo vya vijijini hufungwa, na Jumapili vingi haviwi na mtu, ila mashine tu inayomeza noti au kadi. Mashine haitoi chenji: ukitia noti ya euro 50 na tangi likajaa kwa 38, utabaki na stakabadhi ya kumfuata mwenye kituo siku ya kazi. Kadi nayo huzuiwa kiasi kikubwa kwa muda, kisha hurudishwa. Ushauri wangu ni kujaza Ijumaa au Jumamosi asubuhi kwenye pampu yenye mtu.

Maduka nayo hufungwa kuanzia kama saa saba mchana hadi saa kumi. Anayetaka kununua maji, matunda au keki ya kumpelekea mama mkwe anunue kabla ya saa sita na nusu.

Siku ya pili: Toscana

Kutoka Bolsena, Cassia inapita Acquapendente na kuingia Toscana, na kwa mbali juu ya kilima utauona mnara wa Radicofani. Karne ya 13 ngome hiyo ilikuwa mikononi mwa mnyang'anyi mwungwana, Ghino di Tacco, aliyewapora wasafiri wa barabara hii hii, wengi wao mahujaji waliokuwa wakienda Roma. Magharibi unasimama mlima Amiata, volkano iliyozimika yenye urefu wa mita 1,738.

Bonde la Orcia, lililoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2004, ndilo kiini cha safari hii na linastahili asubuhi nzima. Simama Bagno Vignoni, ambako mahali pa uwanja wa kijiji pana bwawa kubwa la maji ya moto yanayotoka ardhini. Kuoga humo hairuhusiwi, lakini maji yale yale huteremka chini ya kijiji ambako watu hukaa na kutia miguu. Endelea hadi San Quirico d'Orcia, na hapo uiache Cassia kwa muda uchukue barabara ya SP146 kwenda Pienza, kama kilomita 10. Misonobari ile mirefu myembamba unayoiona kwenye kalenda iko pande hizi, pamoja na kikanisa cha Vitaleta katikati ya ngano. Watu husimamisha magari kwenye kona ili wapige picha, na ndivyo wanavyogongwa. Tafuta nafasi iliyotengwa kando ya barabara, na usitembee ndani ya ngano ya mtu.

Pienza ilikuwa kijiji cha kawaida hadi mwanawe mmoja alipokuwa Papa Pius II na kumwagiza Bernardo Rossellino, kuanzia 1459, kukijenga upya kama mji wa mfano. Leo harufu inayokupokea barabarani ni ya jibini la kondoo, pecorino, linalouzwa katika kila duka la pili. Wachungaji wengi wa pande hizo wana asili ya Sardinia, walikohama kuja kushika mashamba yaliyoachwa na wakulima katikati ya karne ya 20. Kipande cha pecorino kilichokomaa ni zawadi ambayo hakuna mkwe wa Toscana atakayeikataa, ingawa atakuambia kuna duka lililo bora zaidi.

Ukirudi kwenye Cassia, baki ni Buonconvento yenye ukuta wa matofali, vilima vilivyo uchi vya Crete Senesi, na Siena.

Alama moja ya kuiogopa

Kila mji wa kale wa Italia umefungwa kwa magari yasiyo na kibali katika eneo linaloitwa ZTL. Hakuna askari wala kizuizi. Kuna nguzo, kamera ndogo, na kibao cheupe cha duara chenye mzingo mwekundu, kikiwa na siku na saa zimeandikwa chini yake kwa maandishi madogo. Mara nyingi juu yake kuna ubao wa taa unaosomeka “varco attivo”, maana yake kamera inafanya kazi sasa, au “varco non attivo”, unaweza kupita. Saa zimeandikwa kwa hesabu ya 24, hivyo 8-20 ni kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku. Kila ukipita kamera ni faini moja, hivyo mtu aliyepotea njia na kuzunguka anaweza kupata tatu kwa robo saa. Ramani ya simu haikuonyi sikuzote. Kanuni yangu ni kwamba ukiuona ukuta wa mji, tafuta maegesho nje ya ukuta. Siena ina maegesho ya Santa Caterina yenye ngazi za umeme zinazokupandisha hadi karibu na kanisa kuu. Mistari myeupe ya maegesho ni ya bure, ya bluu hulipiwa kwenye mashine na karatasi huwekwa mbele ya kioo, ya njano imetengewa wengine. Tarehe 2 Julai na 16 Agosti, siku za mbio za farasi za Palio, usifikirie kuegesha Siena kabisa.

Kulipata lango la wenyeji

Anwani ya shambani mara nyingi ni jina tu la nyumba, kwa mfano “Podere” fulani, na kijiji chenye jina linalofanana na vijiji vingine vitano vya nchi. Ukiandika anwani kwenye simu, ongeza herufi za mkoa: SI ni Siena, VT ni Viterbo. Bora zaidi, mwombe shemeji akutumie alama ya mahali kwa WhatsApp akiwa amesimama langoni mwenyewe, pamoja na picha ya lango na maelezo ya njia panda ya mwisho yenye lami; pakua ramani ya eneo zima ukiwa na intaneti, kwa sababu mtandao hukatika mabondeni. Kilomita ya mwisho huwa ni barabara nyeupe ya changarawe. Aliyekulia kwenye barabara za murram hatashangaa, ila akumbuke kwamba mikataba mingi ya gari la kukodi haigharamii matairi wala sehemu ya chini ya gari, na vumbi likiingia kwa majirani waliokaa nje kula litakutambulisha vibaya.

Panga ufike kati ya saa sita na saa sita na nusu mchana. Chakula cha mchana cha Jumapili huanza saa saba, na familia nzima inakusubiri wewe. Mlangoni, hata kama uko wazi, sema “Permesso?” na usubiri kuitikiwa “Avanti”; ndiyo hodi yao. Wazee wote wasalimiwe kabla ya vijana, kwa mkono na mara nyingi mashavu mawili, na mama mkwe aitwe “signora” hadi yeye mwenyewe aseme umwite jina. Hapo mtu wa Pwani hatapata taabu, kwa sababu anayejua kutoa shikamoo anajua tayari nani wa kuanza naye.

Pasta ni sahani ya kwanza, si mlo. Baada yake kuna nyama na mboga, kisha tamu, kisha kahawa, na aliyeomba kuongezewa pasta mara mbili atateseka mbele ya nyama huku bibi mwenye nyumba akiulizia ugonjwa wake. Mkate wa Toscana hauna chumvi. Hiyo ni desturi. Kwa Mwislamu, jambo la nguruwe lisemwe kwa simu wiki moja kabla, na lisemwe kwa kina: si paja la nguruwe lililotiwa chumvi na soseji tu, bali pia mafuta na vipande vidogo vinavyotiwa kwenye mchuzi na maharage, ambavyo mpishi mwenyewe havihesabu kuwa nyama. Ukisema mapema, mwenyeji atafurahi kupika pici, yaani tambi nene za Toscana, za kitunguu saumu na nyanya. Ukisema mezani, umemwaibisha. Kuhusu mvinyo, kukataa mara moja kwa tabasamu na kuomba maji kunatosha, na dereva ana sababu ya pili asiyohitaji kuieleza.

Kurudi

Siku ya kurudi ndiyo ya kutumia A1. Kutoka bonde la Orcia unaingilia Chiusi-Chianciano, unachukua tiketi kwenye mashine na kuitunza, maana aliyeipoteza hutozwa kama aliyetoka mwanzo kabisa wa barabara. Mwisho wa sehemu ya kulipia, kaskazini mwa Roma, fuata njia yenye picha ya sarafu na mkono au ya kadi, usiingie ile ya njano yenye neno Telepass peke yake, ambayo ni ya magari yenye kifaa cha kulipia bila kusimama. Ukiingia kimakosa usirudi nyuma hata kidogo. Bonyeza kitufe cha msaada, upewe karatasi ya deni, uilipe baadaye. Kutoka Chiusi hadi Fiumicino tenga saa tatu, na uongeze moja ya kujaza tangi na kukabidhi gari.

Mkigongana na mtu njiani, hata kwa mkwaruzo, jazeni wote wawili fomu ya bluu ya ajali iliyomo kwenye kabati la gari na mtie saini. Watu wakiumia, piga 112.

Usifunge hesabu ya safari mapema. Faini hutumwa kwanza kwa kampuni ya magari, ambayo hukata ada yake kwa kutoa jina lako, kisha faini yenyewe hufuata kwa posta, na kwa anayeishi nje ya Italia taarifa inaweza kuja ndani ya siku 360. Ikilipwa ndani ya siku 5 tangu kuipokea, makosa mengi hupunguziwa asilimia 30. Tunza mkataba, tiketi za maegesho na stakabadhi zote kwa mwaka mmoja, na mpe kampuni anwani ya posta ambayo barua hukufikia kweli.